MTI WA MJINI: WENYEWE WENGI, MTETEZI HAKUNA!

  Wiki hii tuweke kando kidogo habari za nani kamwacha nani na nani kaonekana na nani usiku wa manane. Nina swali moja tu, na usilijibu haraka haraka. Hivi ule mti ulio nje ya geti lenu, ule unaokaa chini yake ukisubiri usafiri, ni wa nani?

Nililitupa swali hilo kijiweni, watu wakabishana mpaka kahawa ikapoa. Mmoja alisema ni wa mwenye nyumba, maana ndiye anayefagia majani yake kila asubuhi. Wa pili akasema ni wa Jiji. Wa tatu, anayejifanya mwanasheria kwa kuwa shemeji yake ni karani wa mahakama, akasema miti yote ya nchi hii ni ya Serikali, kwisha habari. Wa nne akasema ni wa yeyote mwenye chenso na mtu wa kumlipa. Tulicheka. Lakini kadiri nilivyozidi kufuatilia jambo hili, ndivyo nilivyoona kwamba huyu wa nne ndiye aliyekuwa karibu zaidi na hali halisi ya mitaani.

Usidhani nakuletea somo la Maarifa ya Jamii. Hili ni suala la mfuko wako. Pita leo mchana mjini, kuanzia Mnara wa Saa mpaka Barabara ya Boma, halafu shuka kwenda Sokoine. Angalia watu wanaofanya biashara bila kulipa kodi ya fremu. Fundi viatu yuko chini ya mti. Muuza magazeti yuko chini ya mti. Vijana wa bodaboda, mama wa chai na chapati, wale machalii wanaowakimbilia watalii na bangili na picha za tingatinga, wote wako chini ya mti. Hata wewe na mwenzio mlipokuwa hamna hela ya soda, mlikutana wapi? Usinijibu.

Mti wa mjini ni paa la asiye na paa. Ukikatwa, mwenye duka anabaki na duka lake na feni yake. Anayehama ni yule wa chini.

WENYEWE NI HAWA

Sasa twende kwenye kasheshe lenyewe. Ukifungua sheria za nchi utakuta mti mmoja wa Arusha unaweza kuwa na wakubwa watano, na kila mmoja ana muhuri wake.

Kama mti uko kwenye hifadhi ya barabara kuu au ya mkoa, hapo ni eneo la TANROADS. Sheria ya Barabara ya 2007 iliipanua hifadhi hiyo mpaka mita 30 kila upande, ukipimia katikati ya barabara. Kama ni barabara ya mtaani, mwenye kauli ni TARURA, wakala ulioanzishwa mwaka 2017 kusimamia barabara za mijini na vijijini. Nyaya za umeme zikipita juu yake, TANESCO nao wana haki ya kuja kupunguza matawi ili usikae gizani. Ukiwa kwenye bustani, kwenye kiwanja cha wazi au kwenye kiwanja chako, Halmashauri ya Jiji ina sheria ndogo zake, kwa sababu Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Miji) ya 1982 imezipa halmashauri za miji mamlaka ya kutunga sheria hizo.

Tupande juu kidogo. Msitu wa hifadhi na mashamba ya miti ya Serikali yaliyo kwenye miteremko ya Meru yako chini ya Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania, yaani TFS, uliozinduliwa mwaka 2011. Ukivuka mpaka ukaingia Hifadhi ya Taifa ya Arusha, kule wanakoishi mbega na twiga, hapo ni kwa TANAPA na hauruhusiwi kuokota hata ukuni. Na mti ukiwa ukingoni mwa mto, kuna watu wa mazingira na kuna Bodi ya Maji ya Bonde la Pangani, maana mito yetu hii yote safari yake ni huko.

Umechoka? Bado. Arusha ina halmashauri tatu zinazopakana. Kuna Jiji. Kuna Halmashauri ya Wilaya ya Arusha, ambayo imelizunguka Jiji. Na kuna Meru, ya upande wa Tengeru na Usa River. Hizo mbili zilikuwa wilaya moja, Arumeru, mpaka zilipogawanywa mwaka 2007. Kila moja inatunga sheria ndogo zake. Kwa hiyo unaweza kutembea na mbwa wako jioni, ukavuka mpaka bila kujua, na kanuni ya kukata mti ikawa imebadilika chini ya miguu yako. Mbwa hana habari, na wewe huna.

SIKU YA CHENSO

Sasa nikwambie niliyoyaona kwa macho yangu, ila jina la mtaa nalihifadhi, maana bado napita huko na bado nataka kusalimiwa.

Ilikuwa Jumapili. Kulikuwa na mjakaranda mmoja mzee kandokando ya njia, shina lake watu wawili hawalikumbatii wakakutana mikono. Chini yake palikuwa na mama mmoja wa vitafunwa, fundi baiskeli, na benchi la wazee. Asubuhi na mapema likaja gari dogo la mizigo, wakashuka vijana watatu na chenso. Kufikia saa nane mchana mti ulikuwa chini. Kufikia jioni matawi yalikuwa yamegawanywa kuni, na shina limekatwa vipande likaondoka. Yule mama alikusanya ndoo zake akahamia upande wa pili wa njia, juani.

Niliwauliza vijana kuhusu kibali. Wakaniambia kipo kwa bosi. Bosi yuko wapi? Yuko njiani. Mpaka naondoka, bosi alikuwa bado yuko njiani.

Jumatatu nikaanza kuzunguka. Ofisi ya kwanza wakaniambia kwa upole kabisa kwamba mti huo si wao, nijaribu kwingine. Ofisi ya pili wakaniuliza kwanza kama mimi ni ndugu wa mwenye mti. Ofisi ya tatu wakasema mhusika yuko semina. Hakuna aliyenitukana, na chai nilikaribishwa. Lakini ndani ya siku mbili sikumpata mtu wa kuniambia jambo moja rahisi: nani aliruhusu?

Hapa ndipo penye siri yote ya mada yangu. Wenyewe wakiwa wengi, kila mmoja anadhani mwenzake ndiye anayechunga. Na anayetaka kukata analijua hilo. Kwa nini chenso nyingi zinalia Jumamosi jioni na Jumapili? Kwa sababu ofisi zimefungwa. Fimbo ya mbali haiui nyoka, wahenga walishamaliza.

KIBALI KINAVYOTAKIWA KUWA

Sheria ya Misitu Namba 14 ya mwaka 2002 si ya mchezo. Inampa Waziri uwezo wa kutangaza aina fulani za miti kuwa miti iliyohifadhiwa. Mti wa namna hiyo hauukati bila leseni, hata kama umeota nje ya msitu wa Serikali. Na mazao ya misitu yanaposafirishwa yanatakiwa yawe na hati ya kusafirishia. Ndiyo maana unaona magari ya mbao na mkaa yakisimamishwa kwenye vizuizi vya maliasili njia kuu.

Kuna na kitu kingine ambacho vijana wengi hawakijui: nyundo. Afisa misitu ana nyundo maalumu yenye alama. Kwenye uvunaji wa halali anagonga alama hiyo kwenye kisiki na kwenye gogo. Kwa hiyo kisiki kinaweza kutoa ushahidi. Ukikuta kisiki kipya cha mti wa msituni hakina alama yoyote, hapo una haki ya kukunja uso.

Kwa mti wa mtaani, safari ya kawaida inaanza chini. Unakwenda kwa mwenyekiti na kwa Afisa Mtendaji wa Mtaa, unaeleza shida yako: mti umeinama juu ya bati, mizizi inapasua msingi, au unataka kujenga. Barua inapanda kwenye kata, inakwenda halmashauri kwa watu wa maliasili na mazingira. Inatakiwa mtu aje auone mti wenyewe kabla ya kusema ndiyo au hapana. Ukiruhusiwa unapata karatasi, na kama kuna ada unapata risiti. Karatasi hiyo ndiyo unayomwonyesha jirani mbishi kama mimi.

Kwenye karatasi inapendeza. Mitaani ngoma ni nzito, kwa sababu mwenye haraka hataki kusubiri barua ipande na kushuka, na mwenye chenso analipwa kwa kazi, halipwi kwa kusoma barua. Ukichanganya hapo na kitu kidogo, basi tena.

Na kuna mkanganyiko mwingine. Macho ya Sheria ya Misitu yako zaidi msituni na kwenye mbao zenye thamani. Mjakaranda wetu, huu unaotia mji rangi ya zambarau kuanzia mwezi wa kumi mpaka watalii wanapiga picha lami, ni mgeni aliyetoka Amerika Kusini. Mgrevilea ni mgeni kutoka Australia, na mkaratusi vilevile. Kwa hiyo miti mingi inayotupa kivuli mjini haitegemei ulinzi wa sheria kubwa ya misitu. Inategemea sheria ndogo za halmashauri, na sheria ndogo inategemea mtu wa kuipigia kelele.

UPANDE WA PILI WA SHILINGI

Kabla hujaniita mtu wa miti, ngoja nimtetee mkataji.

Mti unaweza kuua. Kipindi cha masika, mvua za mwezi wa tatu mpaka wa tano, udongo ukilowa na upepo ukashuka kutoka mlimani, tawi kubwa likianguka halichagui gari wala kichwa. Mti uliooza ndani unatakiwa kuondoka, na mapema. Mwenye nyumba aliyeandika barua na kuzungushwa wiki sita huku shina linaegemea chumba cha watoto, siku akikodi chenso usimwite mhalifu. Ofisi iliyomchelewesha nayo ina sehemu yake.

Halafu panda Meru, kwa wazee wetu wa Akheri, Poli na Nkoaranga. Huko kila kipande cha ardhi kinafanya kazi: migomba, kahawa, na migrevilea imepangwa mipakani kama askari. Si kwa urembo. Mgrevilea kule ni akiba ya benki. Mtoto akifaulu, mti unaanguka, ada inalipwa. Mgonjwa akilazwa, mti mwingine unaanguka. Mzee mmoja aliniuliza swali lililonikaa kichwani: nimepanda mwenyewe, nimemwagilia mwenyewe, mbona nikitaka kukata naambiwa nipige magoti kwa mtu ambaye hakuwepo siku napanda?

Ana hoja. Tena Wameru wana kumbukumbu ndefu ya kuambiwa na wakubwa nini cha kufanya na ardhi yao. Enzi za mkoloni, msitu wa hifadhi ulikuwa juu yao na mashamba ya walowezi chini yao, wao wamebanwa katikati. Mwaka 1951 Waingereza wakawaondoa kwa nguvu maelfu ya watu Engare Nanyuki ili wazungu wafuge. Mwaka 1952 Kirilo Japhet akasafiri mpaka New York kulalamika mbele ya Umoja wa Mataifa. Leo ukiwapelekea watu hawa karatasi ya masharti juu ya mti walioupanda wenyewe, usishangae wakikutazama kwa mashaka.

Na ukiwabana sana, unajua kinachotokea? Hawapandi. Mtu atapanda nini asichoweza kuvuna? Kwa maoni yangu, mti wa shambani uliopandwa ili uuzwe upewe njia fupi na rahisi. Ukali wote uelekezwe kwenye miti ya aina tatu: ya kingo za mito, ya barabarani na viwanja vya wazi, na ile mizee ya asili kama mikuyu na miringaringa, ambayo ukiikata leo hata mjukuu wako hataona mwingine wa kimo kile.

Wazee wa zamani hawakuhitaji muhuri kwa hilo. Kwa Wamasai, mkuyu ule wanaouita oreteti ni mti wa ibada, huuchezei. Wachaga majirani zetu wana isale, jani la kuombea msamaha na la kuwekea mpaka. Mti ulikuwa na heshima yake, na aliyevunja heshima hiyo alijibu mbele ya wazee, si mbele ya karani.

MAJI NAYO

Mlima Meru una mita 4,566, ni wa pili kwa urefu nchini baada ya Kilimanjaro. Mji wetu umekaa miguuni pake, kwenye mita kama 1,400 hivi. Msitu ule wa kijani unaouona ukiamka, kama mawingu yamekubali, ndio unaopokea mvua, ukaitunza ardhini na kuitoa taratibu kwenye chemchemi. Themi, Naura, Ngarenaro na Burka, mito hii inayokatiza katikati ya mitaa yetu, inatoka huko. Inakwenda kujiunga na Kikuletwa, inaingia bwawa la Nyumba ya Mungu, inakuwa Pangani mpaka baharini. Kwa hiyo mti unaoanguka ukingoni mwa Themi hauhusu Arusha peke yake. Kuna mkulima wa mpunga na kuna mtambo wa umeme huko chini, nao wanausubiri mto huo huo.

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 imeweka wazi: hakuna shughuli ya kudumu ya kibinadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Mita 60, si hatua sita. Sasa chukua muda wako utembee kandokando ya Naura, uhesabu kuta, vyoo, gereji na bustani za mboga zilizo ndani ya mita hizo. Mimi nilianza kuhesabu, nikaacha. Mti wa ukingoni ukishakatwa, udongo hauna wa kuushika. Mvua ikija, mto unaongezeka upana, na ukuta wa bwana fulani unaondoka na maji. Ndipo utasikia kwenye redio kwamba ni mapenzi ya Mungu.

NANI KAPEWA KIVULI?

Jambo jingine, na hili linauma kidogo. Angalia ramani ya vivuli vya mji wetu. Uzunguni, njia zimefunikwa na matawi mpaka unatembea kama uko ndani ya nyumba. Jina lenyewe linakwambia palipangwa kwa ajili ya nani. Sasa shuka Unga Limited, nenda Sombetini, nenda Ngarenaro. Mabati kwa mabati. Mti uliopo ni mparachichi wa uani kwa mtu, au mpapai uliojiotea kwenye mtaro.

Mkoloni alipanga miti pamoja na viwanja. Sisi waliotuachia mitaa ya kubanana hatukupangiwa kitu. Kwa hiyo ukisikia miti ya mjini inalindwa, uliza pia ni ya mtaa gani. Ulinzi wa miti ambao unaishia kwenye nyumba za ghorofa na mageti ya kengele haumsaidii yule anayelala chini ya bati la moto Unga Limited. Huko hata ukipata mti mmoja tu uwanjani mwa shule, huo ndio wa kupigania kuliko yote.

WENZETU WALIFANYAJE?

Majirani zetu Nairobi wana mfano mzuri. Mwaka 2020, ilipokuwa inaanza kujengwa ile barabara ya juu, kulikuwa na mugumo mkubwa pale Waiyaki Way, mtaa wa Westlands, uliokadiriwa kuwa na umri wa kama miaka mia. Barabara ilikuwa inapita juu yake. Watu wakapiga kelele mitaani na kwenye simu zao. Mwezi wa kumi na moja mwaka huo ikatoka amri ya Rais kwamba mti huo usiguswe. Barabara ilifunguliwa mwaka 2022 na mti ukabaki. Ni kweli miti mingine mingi ya njiani ilikwenda, na Nairobi si peponi. Lakini mti ule umebaki kwa sababu watu waliusemea kabla chenso haijawashwa. Walikwishafundishwa na Wangari Maathai, aliyezuia ghorofa refu lisijengwe Uhuru Park mwaka 1989, akaupigania msitu wa Karura miaka ya tisini, na mwaka 2004 akapata Tuzo ya Amani ya Nobel.

Uingereza nao usicheze nao. Kwao halmashauri inaweza kuuandikia mti mmoja amri ya kuulinda, na ukiugusa bila ruhusa unapelekwa mahakamani hata kama umeota kwako. Mwaka 2023 watu wawili waliukata usiku mti maarufu wa Sycamore Gap, ule ulioonekana kwenye sinema ya Robin Hood ya Kevin Costner ya mwaka 1991. Mwezi wa saba mwaka 2025 kila mmoja alipigwa miaka minne na miezi mitatu jela. Kwa mti mmoja! Sisemi tufike huko. Nasema tu kwamba kule mti ulipoanguka, kuna mtu aliulizwa.

TUNAPANDA SANA, TUNATUNZA KIDOGO

Sisi tuna siku yetu, Aprili Mosi, siku ya taifa ya kupanda miti. Kila halmashauri imewekewa lengo la kupanda miti milioni moja na nusu kwa mwaka. Siku hiyo utaona mashati meupe, koleo jipya, kopo la maji, mheshimiwa ameinama na kamera imewaka. Si vibaya. Lakini mche wa Aprili Mosi unahitaji mtu wa kuumwagilia mwezi wa nane, wakati hakuna kamera. Mbuzi haendi semina.

Na hata ukipona, mche huo unahitaji miaka mingi ili ufikie kivuli cha ule mjakaranda uliokwenda siku moja ya Jumapili. Mti mmoja mzee haulipwi kwa miche kumi kwenye vipakti. Ukiona vyaelea, vimeundwa: kivuli unachokaa leo kuna mtu alikipanda kabla hujazaliwa, na wengine wengi wakajizuia kukikata.

KAZI KWAKO, CHALII

Sasa tufanyeje? Mimi si mwanasheria, ila kwa kuzunguka huku nimejifunza kwamba kundi zima la wakubwa linaamka likiulizwa, na linalala lisipoulizwa. Kwa hiyo ukisikia chenso mtaani kwenu, usirushe jiwe wala usitukane mtu. Yule kijana wa chenso anatafuta ugali kama wewe. Nenda na mwenzio mmoja, salimia vizuri, halafu uliza maswali matatu.

La kwanza: samahani kaka, kibali kiko wapi? Kibali cha halali hakina aibu, kinaonyeshwa.

La pili: kimetolewa na ofisi gani, na kimetaja mti upi? Kuna ujanja wa kuomba mti mmoja mbovu na kuondoka na mitatu mizima.

La tatu: mahali pake patapandwa nini, na nani atautunza?

Wakikosa majibu, mpigie simu mwenyekiti wa mtaa hapo hapo, hata kama ni Jumapili. Namba yake unayo, maana wakati wa kampeni aliigawa mwenyewe. Mwambie Mtendaji. Piga picha ya mti kabla haujaanguka, maana kisiki hakitoi kivuli na wala picha yake haimzuii mtu. Na kama mti ni mbovu kweli, umeinama juu ya nyumba ya watu, wasaidie wenye nyumba wapate hicho kibali haraka. Huko nako ni kuulinda mji.

Wakubwa nao tunawaomba kitu kimoja, wala hakihitaji bajeti ya mabilioni. Mkae pamoja, Jiji na halmashauri mbili jirani, watu wa barabara, wa umeme, wa misitu na wa maji, mkubaliane mlango mmoja na namba moja ya simu inayopokelewa hata siku ya Jumapili. Mwananchi asiulizwe mti ni wa nani. Aulizwe tu uko wapi.

Yule mama wa vitafunwa nimemwona juzi. Amenunua mwavuli wa rangi, ule wa matangazo ya kampuni za simu. Ameniambia mwavuli si haba, ila upepo ukija inabidi aushike kwa mkono mmoja na kukaanga kwa mkono mwingine, na wale wazee wa benchi hawajarudi tena.

Haya, tukutane wiki ijayo hapa hapa, Mungu akipenda na mhariri akikubali.